Umevunja Polisi

Kuuliza si ujinga. Methali hii ni fupi, na mtoto wa chekechea anaweza kuikariri, lakini wengi wanaoitamka huwa tayari wanalo jibu. Asiye na jibu huiona kama mlango ulioachwa wazi katika nyumba ya watu asiowajua. Anaona mwanga, anasikia mazungumzo, na bado anabaki nje kwa kuogopa kuchekwa. Maana ya methali ni kwamba asiyejua akimwuliza anayejua hajajishusha hata kidogo, bali amejiokoa. Mako wa Isiolo aliijua methali hii tangu utotoni. Kuijua hakukumfaa kitu katika siku tatu zinazosimuliwa hapa.

Mako alikuwa mwanamke wa Kiborana, mfupi, mpole wa maneno, aliyeuza maziwa ya ngamia katika soko la Isiolo kwa miaka kumi na tisa. Maziwa yake yalitoka kwa Ado, mama mzee aliyekuwa na ngamia wake malishoni upande wa Garbatulla. Mako alimwita Akko, ambalo kwa Kiborana ni nyanya, ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Kila asubuhi gari la mizigo lilileta mitungi kutoka huko. Ado alikuwa akiufunga mtungi wa Mako kwa kitambaa ili usichanganywe na ya wengine, na mara nyingi ndani ya fundo la kitambaa aliweka chembe chache za ubani. Hakuwahi kusema kwamba ameweka, wala Mako hakuwahi kuacha kuzitafuta.

Mitungi ya maziwa ya ngamia hufukizwa. Kabla ya kutiwa maziwa, vijiti vyenye moto huzungushwa ndani yake mpaka mtungi wote unukie moshi. Moshi huo huyakinga maziwa yasiharibike upesi katika joto, tena huyapa ladha ambayo Mborana akiikosa hudhani amepewa maji. Isiolo hakuna mtu anayehitaji kuelezwa jambo hilo, na hivyo hakuna aliyefikiri kwamba kuna mahali lingehitaji kuelezwa.

Mwaka huo chama cha akina mama wauza maziwa kiliamua kufungua duka mtandaoni. Kampuni yenye soko la mtandaoni ilimtuma mwalimu kutoka Nairobi, msichana mmoja aitwaye Beverlyne, naye akawafundisha kwa siku mbili ukumbini. Aliwaonyesha namna ya kupiga picha za bidhaa, kuandika bei na kupokea oda. Alikuwa na subira. Akina mama wazee aliwashika kidole na kukiongoza juu ya kioo cha simu, kama anayemfundisha mtoto kuandika herufi. Mwishoni akauliza, "Kuna swali, mama zangu?"

Mako alikuwa na maswali kumi na moja. Aliyahesabu moyoni. Lakini alipotazama kulia na kushoto, aliona wenzake wote wanamtazama yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyefika darasa la saba.

"Hakuna swali," akasema. "Tumeelewa yote."

Wakapiga makofi, na papo hapo wakamchagua awe mshika simu wa chama.

Wakirudi sokoni, Kathure alimvuta kando. Kathure alikuwa Mmeru, muuza viazi na maharagwe, na meza yake ilipakana na ya Mako. Naye alikuwa amehudhuria mafunzo hayo ili ajifunze kuuza maharagwe yake.

"Wewe, ni kweli umeelewa hiyo yote?" Kathure akauliza. "Mimi siku ya pili niliachwa kabisa. Nilikuwa naangalia tu viatu ya mwalimu."

"Ni rahisi," Mako akasema.

"Basi utanifundisha."

"Nitakufundisha."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wanunuzi wa kwanza walikuwa Waborana na Wasomali wa Nairobi, waliojua wanachonunua. Baadaye wakaja wengine, watu ambao maisha yao yote hawajawahi kumwona ngamia isipokuwa kwenye picha. Hapo ndipo nyota zilipoanza. Asubuhi moja Mako alifungua simu akakuta chini ya picha ya maziwa yake nyota moja ya manjano, na pembeni maneno ya Kiingereza. Katika maneno hayo alilitambua moja tu, lile la moshi. Akafurahi sana. Mtu mwenye nyota ni mtu mwenye bahati, mtu anayependwa, na kumbe huko mjini wanausifu moshi wa Akko. Siku iliyofuata ikaja nyota nyingine kutoka kwa mtu mwingine. Kila mmoja aliweka moja.

"Leo umepata ngapi?" Ado alikuwa akimwuliza kwa simu.

"Mbili, Akko."

"Mungu akuzidishie."

Na kweli zikazidi. Mwezi ulipokwisha zilikuwa kumi na nne, na akina mama walikuwa wameacha kuwapelekea maziwa wateja wengi wa zamani ili yawatoshe wa mtandaoni.

Kisha ikaja Jumanne. Mako alikuwa anaosha mitungi simu ilipolia. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya adabu lakini ya haraka.

"Ni Mako wa maziwa, Isiolo?"

"Ndiyo."

"Naitwa Kang'ethe, napiga kutoka kwa kampuni. Mama, malalamiko imekuwa mengi. Umevunja polisi. Sasa faili yako imeenda kwa polisi, na hao watataka kujua hiyo maziwa inatoka wapi na ngamia ni za nani. Uko na mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni ujieleze. Tumeelewana?"

"Ndiyo," Mako akasema.

"Kuna swali?"

Alitaka kumwuliza polisi anavunjwaje. Alitaka kuuliza nani amelalamika, na juu ya nini. Badala yake akajibu kama alivyojibu ukumbini.

"Hakuna."

"Sawa, mama. Siku njema."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomtisha zaidi, kwa kuwa yalisemwa kwa upole, kama daktari anavyomwambia mtu aende nyumbani akapumzike.

Msomaji asimcheke Mako. Alizaliwa katika nyumba ambamo neno askari lilisemwa kwa sauti ya chini. Mama yake alipokuwa msichana, watu wao walikusanywa na askari wakawekwa ndani ya ua wa seng'enge kule Garbatulla, na ngamia wao wakapigwa risasi mbele ya macho yao. Mama huyo aliishi miaka mingi baadaye na kuolewa na kuzaa, lakini hadi anakufa, gari likisimama nje alikuwa akiinuka na kwenda kusimama nyuma ya mlango. Hakuwaeleza watoto kwa nini. Walijifunza tu kusimama naye.

Kwa hiyo Mako aliposikia kwamba wanataka kujua ngamia ni za nani, hakufikiria duka wala oda. Alimfikiria Ado, na ngamia wa Ado wakiwa wamelala chini. Akaizima simu, akaifunga ndani ya leso na kuiweka chini ya godoro.

Jumatano alikwenda sokoni kwa sababu kutokwenda kungemshtaki. Alijitanda mtandio hadi kwenye nyusi. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo, aliinamia mitungi. Wenzake wa chama wakaja kumwuliza mbona leo hakuna oda hata moja.

"Mtandao umelala," akawaambia.

"Utaamka lini?" akauliza mmoja.

"Sijui. Ni mambo ya Nairobi."

Waliondoka wameridhika, naye akaona aibu inamchoma, kwani hao walikuwa watu wa kumwamini, na imani ya mtu ni mzigo usioweza kutuliwa njiani.

Alhamisi ndiyo ilikuwa mbaya. Saa tano asubuhi alimwona Emuria akija moja kwa moja kwenye meza yake. Emuria alikuwa polisi, Mturkana mrefu mwenye mwendo wa polepole, na kwa miaka miwili alikuwa akinunua nusu lita kwa Mako kila asubuhi. Tangu Jumapili hakuwa ameonekana. Sasa alikuja na sare yake, ameshika kitu chini ya kwapa, na Mako akamsikia akimwuliza Kathure, "Mako yuko wapi? Namtafuta."

Hakungoja kusikia zaidi. Alipita nyuma ya magunia ya viazi, akatoka kwa njia ya wachinjaji, akaenda karibu akikimbia hadi nyumbani. Aliacha mitungi mitatu ya maziwa juani. Akafunga mlango kwa komeo, kisha akajikuta amesimama nyuma yake, bega limegusa ukuta, pumzi ameizuia. Alipogundua amesimama namna ile ile ya mama yake, akaketi chini akalia.

Jioni Kathure alibisha. Alikuwa amebeba birika la uji na mtungi mmoja mtupu uliooshwa.

"Maziwa yako niliuza yote," akasema. "Nilifunika na leso zangu, nikamwagia maji, haikuharibika. Na afande aliacha hii mtungi yako ndogo. Alisema alienda nayo kazini huko mbali, ameirudisha. Ameiosha vizuri kushinda mimi."

Mako aliutazama mtungi kana kwamba una nyoka ndani.

"Hakusema kitu kingine?"

"Aseme nini? Wewe uko sawa?"

"Ni malaria."

Kathure alimgusa paji la uso, akalikuta baridi. Hakubishana. Alimimina uji kikombeni, akaketi mpaka akaona umenywewa, ndipo akaenda.

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, Kathure alirudi mbio mbio na simu yake mkononi.

"Nyanya yako wa Garbatulla amepiga kwangu. Anasema yako haiingii siku tatu. Anasema nikuambie kuna watu wa serikali wamekuja na gari nyeupe, wanahesabu ngamia."

Wafugaji hawahesabu mifugo yao kwa sauti, na mgeni akihesabu, moyo wa mwenyewe husinyaa, maana kilichohesabiwa kimeshaonekana. Mako alichukua kitambaa, akafungia ndani yake shuka, mswaki na tasbihi. Akaitoa simu chini ya godoro akaiongeza humo.

"Unaenda wapi na mzigo?" Kathure akauliza.

"Kujipeleka."

"Kujipeleka wapi?"

"Kathure, niache. Nikichelewa watamaliza ngamia za watu."

Akatoka. Kathure hakuelewa lolote, lakini aliacha viazi vyake bila mtu wa kuvilinda, akamfuata hatua chache nyuma, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Barabara ya kwenda kituo cha polisi si ndefu, ila siku hiyo Mako aliiona haifiki mwisho. Mara mbili alisimama. Mara mbili alikumbuka neno "wanahesabu", akaendelea.

Emuria alikuwa zamuni kwenye meza ya kituo. Alipomwona alitabasamu, kisha akauona mzigo, na tabasamu likaondoka.

"Assalaam aleikum, mama. Kuna nini?"

"Nimekuja," Mako akasema. "Nifunge mimi. Msiguse ngamia za Ado. Yeye hajui kitu."

"Umefanya nini?"

"Sijui. Ninyi ndio mnajua."

Emuria alifungua kitabu kikubwa cha matukio. Alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, polepole, kwa heshima, kama anayetafuta jina la mtu msibani.

"Mama, hapa hakuna jina lako. Nani amekuambia una kesi?"

Na hapo, mbele ya sare aliyoiogopa kuliko kitu chochote duniani, akiwa hana tena heshima ya kulinda wala mahali pa kukimbilia, Mako aliuliza swali lake la kwanza.

"Afande, kuvunja polisi ni nini?"

Emuria hakucheka. "Sema tena?"

Mako akamweleza yote, tangu simu ya Jumanne. Emuria akaiomba simu, akaiwasha, nayo ikalia mfululizo kwa ujumbe uliokuwa ukingoja. Alisoma mmoja, akausoma tena, kisha akakigeuza kioo upande wa Mako.

"Soma hapa, herufi kwa herufi."

"Pi, o, eli, ai, si, wai."

"Hiyo inasomwa 'policy'. Ni Kiingereza, masharti ya kampuni. Ukiisikia kwa simu ni kama polisi. Hata mimi ningeshtuka." Alitulia kidogo. "Wanasema umevunja masharti yao, na faili imeenda kwa watu wao wa masharti. Hawakuniita mimi, wala mwenzangu yeyote."

Kathure, aliyekuwa mlangoni, alishika mdomo kwa mikono miwili. Mako hakuona la kuchekesha. Emuria alizunguka meza akamletea kiti chake mwenyewe.

"Na wanaohesabu ngamia?" Mako akauliza.

Emuria alipiga simu mahali, akazungumza maneno machache. "Ni chanjo. Wanahesabu wajue dawa itatosha."

Sasa maswali yalikuwa yamefunguka, hayakuweza kuzuilika. "Na nyota moja ni nini?"

Emuria alisita. Hakupenda kumwumiza. "Nyota tano ndiyo sifa, mama. Moja ni mtu amekasirika. Hapa wamesema maziwa inanuka moshi, ati imeungua."

Mako aliinamisha kichwa. "Basi matusi yote yale, mimi na Akko tulikuwa tunayashukuru."

Ilikuwa saa kumi na nusu. Emuria akamrudishia simu, naye Mako akampigia Kang'ethe, huku mkono wa Kathure ukiwa begani mwake. Mara hii hakusema ndiyo. Aliuliza ni sharti gani amevunja. Kang'ethe akamwambia kwamba chakula chenye harufu ya kuungua hakiruhusiwi kuuzwa. Aliuliza kama kuna mtu yeyote katika kampuni anayejua maziwa ya ngamia huwekwaje. Hayupo, akajibiwa. Basi akamweleza habari za vijiti, mitungi, joto la Garbatulla, na miaka yote ambayo watu wamekunywa maziwa hayo.

"Mama, hiyo hatukujua," Kang'ethe akasema hatimaye. "Tulikuuliza kama una swali. Hatukukuuliza mbona inanuka moshi."

Hata hivyo hakuweza kufuta kila kitu. Maelezo yake yalipokelewa kabla ya saa kumi na moja, ila duka lingefungwa wiki mbili likaguliwe, na zile nyota kumi na nne zingebaki pale pale. Wateja waliongoja maziwa siku tatu bila jibu walikuwa wameshakwenda kwa wengine. Hiyo ndiyo gharama ya kunyamaza, na ililipwa na chama kizima.

Ado alipoambiwa kwa simu jioni hiyo, akasema, "Siku tatu ulibeba polisi peke yako, na mimi niko hapa? Hata kama ni polisi wa kweli, ungeniuliza, tukangoja pamoja."

Jumamosi Mako aliwakusanya akina mama ukumbini. Alisimama mbele yao, mikono ameikumbatia kifuani, akawaambia kwamba hakuelewa mafunzo yale, kwamba aliwadanganya kuhusu mtandao, na kwamba duka limefungwa kwa sababu yake. Akangoja kufukuzwa. Alikuwa ameshaiweka simu ya chama mezani.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akaguna. "Hata mimi sikuelewa."

"Mimi nilidhani ni mimi tu," akasema mwingine.

"Sasa siku ile tulikuwa tunapiga makofi ya nini?" akauliza wa tatu, na ukumbi mzima ukacheka, baadhi yao wakifuta machozi. Ilidhihirika kwamba katika wanawake ishirini na wawili, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameelewa, na kila mmoja alinyamaza kwa kuwaogopa wengine ishirini na mmoja. Wakamrudishia Mako simu. Wakampigia Beverlyne wakamwomba aje tena, naye akakubali, akawaambia waandike maswali yao yote, hata yale wanayoyaonea haya.

Siku moja ya kuuliza ukumbini ingewaponya na hofu ya siku tatu, hasara ya chama, na safari ya kituoni yenye mzigo wa shuka na mswaki. Aliyeogopa kuonekana hajui ndiye aliyeponzwa na kutojua, na swali lililomwokoa aliliuliza amechelewa, mbele ya mtu aliyemwogopa kuliko wote, naye mtu huyo akampa kiti. Kuuliza si ujinga.